Voliumu ya Siku ya Maji

Kila mvua ikishika milimani, mwanangu, naikumbuka siku moja pale Magomeni, Kilosa, kama vile ni leo.

Nilikuwa binti. Ilikuwa harusi ya binamu yangu, kaka yangu aliyekuwa anapiga muziki kaenda kula, kaniachia amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti. Nikaongeza voliumu kidogo, sauti ikanenepa, besi ikagonga kifuani.

"Ongeza, we binti! Hata kijiji cha Chanzuru nao wasikie!" wakashangilia kina mama.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikazungusha mpaka mwisho. Sauti ikakwaruza kama sufuria inayoparuzwa masizi, nami nadhani ndiyo raha yenyewe.

Mara akaja mjomba, suruali imelowa hadi magotini. Kwetu jua linawaka, kumbe huko juu mto umeshavunja tuta. Akanyakua maiki, awaambie watu wa nyumba za chini wakimbilie relini, kwenye mwinuko. Huko chini, kwa shangazi, alikuwa amelala mdogo wangu Zuhura, wa miaka minne.

Mjomba anasema, spika inakoroma. Hakuna neno linalotoka zima. Namwona shangazi uani kwake anaanua nguo, anatikisa mabega, kwake huo bado ni muziki! Nikaikamata voliumu niongeze tena ili amsikie, nayo ilishagota mwisho.

Bibi yangu akanipiga kikumbo, akairudisha nusu.

"Unamfokea nani? Punguza asikike!"

Sauti ya mjomba ikatoka nyembamba, safi. Shangazi akasimama. Akatupa nguo, akaingia ndani, akatoka na Zuhura begani. Hawajafika relini, maji yakaingia ule uani.

Baadaye fundi alinieleza: mashine ikizidiwa huikata sauti yako, ikapachika sauti zake juu. Zikiwa kidogo, unaona inanoga. Zikizidi, unabaki na za mashine tu.

Sasa masika yamekaribia, na spika ya kijiji ya kutangazia hatari umekabidhiwa wewe. Silali vizuri. Kabla mvua haijaanza, mtu asimame kule nyumba ya mwisho, wewe sema, yeye akurudishie maneno aliyoyasikia. Yakikwaruza, punguza, hata wakuzomee. Usingoje maji ndiyo yakufundishe.

Mungu akupe sauti inayofika, na sikio lisilolewa sifa. Siku ukishika maiki hiyo, kila mama wa kule chini atoke na mtoto wake begani.