Spika za Lori na Mkono wa Seremala

Nilianza kutafuta spika kwa sababu ya kifo. Dereva mwenzangu, ambaye tulibeba miwa pamoja kutoka mashamba ya Muhoroni hadi kiwandani, alisinzia kwenye usukani saa nne asubuhi, jua likiwa limeshakuwa kali. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliona lori lake likiacha lami polepole, kama ng'ombe aliyeona majani kando ya njia, kisha likaingia mtaroni na kupinduka. Mzigo wote ulikuja mbele. Tulipofika, kabini ilikuwa imebonyea kama mkebe na miwa imeingia kwa dirisha la nyuma. Tuliitoa mmoja mmoja kwa mikono, majani yakitukata. Alikuwa hai tulipoanza. Alikuwa akituita. Tulipomfikia alikuwa amenyamaza.

Baada ya mazishi nilishindwa kuendesha kimya. Injini ya lori langu iko katikati ya viti viwili, na mngurumo wake ni ule ule, haupandi wala haushuki, unambembeleza mtu mpaka macho yanafumba. Ukishapanga foleni kwenye mizani ya kiwanda siku mbili, ukilala umekaa, mngurumo huo ni adui. Redio nilikuwa nayo, lakini spika yake ilikuwa moja, ndogo kama kiganja, karatasi yake imepasuka. Kila mtu aliyesema redioni alisikika kama nyuki ndani ya chupa.

Mke wangu, anayeuza nyanya na vitunguu soko la Otonglo, alinitazama wiki nzima nikirudi nyumbani na macho mekundu. Mwishowe akasema, "Baba, nunua kitu cha kukupigia kelele huko. Mimi siko kwa hiyo kabini nikuamshe."

Nikaenda mjini Kisumu kwa mzee mmoja anayefunga redio za magari. Kibanda chake kilijaa spika kutoka chini hadi kwenye mabati. Nilinyoosha kidole moja kwa moja kwenye ile kubwa kuliko zote, nyeusi, pana kama sinia la ugali.

"Unataka kusikia nini?" mzee akaniuliza.

"Watu wakiongea. Na nyimbo."

"Basi hiyo si yako. Hiyo ni ya kutingisha vioo. Lori lako tayari linanguruma sauti ya chini. Ukiongeza besi, hizo sauti mbili zitapigana na hutasikia neno hata moja. Lete gari hapa."

Nikalileta. Akaniambia nisizime injini. Akaunganisha spika za kwanza kwa nyaya ndefu, akaziweka juu ya kiti, akafungulia stesheni ambapo watu wawili walikuwa wakibishana kuhusu bei ya mbolea. Nilisikia mngurumo tu. Akaleta za pili, nikasikia neno hapa na pale. Za tatu zilikuwa na umbo la yai, na katikati yake kulikuwa na kispika kidogo cha sauti za juu. Mara nikamsikia yule mtu wa redioni akivuta pumzi kabla ya kujibu. Sikuhitaji kuulizwa.

Kuzifunga kulichukua siku nzima. Betri za lori zinatoa volti ishirini na nne, na redio inataka kumi na mbili, kwa hiyo mzee alianza na kikasha cha kupunguza umeme, akakifunga chini ya kiti. Kisha akang'oa kava la mlango na kuteremsha kioo hadi mwisho, aone kinafika wapi, maana sumaku ya spika ikigusana na kioo, utakivunja siku ya kwanza. Akachora duara la yai kwa chaki na kuwasha grainda. Cheche zilinirukia mpaka shingoni. Chuma kililia vibaya sana, na mimi niliyekuwa nimelinunua lori lile kwa jasho la miaka nilisimama pale kama mtu anayetazama mnyama wake akichinjwa. Kwa kuwa mkono wa kuzungushia kioo ulikuwa unagonga spika, mzee alikata pembe moja ya fremu ya kila spika kwa msumeno.

"Si nzuri," alisema, "lakini zitakaa."

Akazikalisha juu ya mbao nyembamba, akabandika vipande vya mpira wa tyubu nyuma ya bati ili mlango usitetemeke. Nyaya alizipitisha ndani ya mpira pale penye bawaba.

Niliendesha wiki tatu nikiwa na watu kabini. Nilibishana nao, niliimba nao nyimbo za kanisani, na mara moja nilimtukana mwanasiasa kwa sauti hadi askari wa barabarani akanitazama. Sikusinzia tena.

Siku moja ya soko niliegesha lori nyuma ya kibanda cha mke wangu, nikaenda kula samaki upande wa pili wa barabara. Ilikuwa mchana. Niliporudi, mlango wa dereva ulikuwa wazi, kava limeng'olewa, nyaya zimekatwa. Mlango wa pili vivyo hivyo.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichofikiria wakati ule, na ukweli ni kwamba sikufikiria chochote. Mwili wote ulikuwa moto. Nikachukua spana ya magurudumu chini ya kiti, nikatoka nikipiga kelele, "Mwizi! Wameiba spika zangu!"

Soko likasimama. Mwanamke anayeuza viatu akauliza, "Spika?" Kisha akageuka kuelekea barabarani, ambapo watu husubiri magari ya Maseno. "Si yule pale ana spika?"

Alikuwa mwanamume wa umri wangu, amevaa shati jeupe lililofuliwa vizuri, na begani alikuwa na gunia. Waya mwekundu ulikuwa unaning'inia nje ya gunia hilo. Aliposikia kelele aligeuka kuangalia ni nani anayefukuzwa. Hilo ndilo ninaloliona hadi leo: hakukimbia. Alisogea kando kidogo, ili kumpisha mwizi apite.

Nilimfikia wa kwanza. Sikumuuliza kitu. Nilimshushia spana, naye akainua mkono wa kulia kujikinga, na nikasikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama wa muwa. Gunia likaanguka. Yeye akapiga magoti, akiushika mkono wake, akisema kwa Kijaluo, "Ok an jakuo, ok an jakuo," yeye si mwizi, yeye si mwizi. Kisha akasema amezinunua, zote mbili, mjini, asubuhi hiyo.

Lakini watu walikuwa wameshafika. Teke la kwanza lilimpata mbavuni. Mtu alimpiga kwa mti wa kibanda. Jiwe likampata usoni, na damu ikamwagika juu ya lile shati jeupe. Wanaume niliowajua, watu ambao huninunulia chai, walikuwa wanasukumana wapate nafasi ya kumfikia. Mwanamke mzee alitema mate, akamkanyaga kwenye kisigino. Gunia lilipasuka chini ya miguu yao, na spika moja ikabiringika hadi kwenye kiatu changu.

Nikainama. Ilikuwa ya umbo la yai, kama zangu, aina ile ile. Fremu yake ilikuwa na pembe zote nne.

Nikaigeuza. Nikaitazama tena. Hakuna msumeno uliokuwa umeigusa.

"Si zangu!" nikapiga kelele. "Wacheni! Hizi si zangu!"

Mwanamume aliyekuwa na jiwe mkononi alinitazama kama mtu niliyemkatizia chakula. "Kama si zako," akasema, "ni za mwingine."

Akarusha.

Nilijaribu kupita katikati yao. Walinisukuma nikaanguka. Nilipoinuka niliona tairi linabiringishwa kutoka kwa banda la kuziba pancha, na mtu nyuma yake ameshika mtungi wa petroli. Nilikuwa nimewahi kusikia mambo haya yakisimuliwa, na kila mara nilisema, watu gani hao?

Mke wangu ndiye aliyepita. Sijui alipita vipi, ni mwanamke mfupi. Niliona kitambaa chake cha kichwa kikiingia kati ya miguu ya watu, kisha nikamwona amelala juu ya yule mtu, amemfunika kichwa kwa mikono yake miwili.

"Mama, toka hapo!" walimpigia kelele.

"Nichomeni pamoja naye!" akajibu. "Mnanijua. Kila siku mnakula nyanya zangu. Anzeni na mimi!"

Jiwe moja lilimpata mgongoni. Niliusikia mlio wake. Mtu akamvuta mguu, kiatu kikatoka, lakini hakuachia. Ndipo nilipokimbilia lori. Niliwasha injini, nikaweka mkono kwenye honi bila kuutoa, nikarudi kinyumenyume kuelekea kwenye kundi, polepole, polepole, nikiomba asiteleze mtu. Walipiga lori kwa mawe. Kioo cha mbele kilipasuka na vipande vikanimwagikia mapajani. Lakini walipisha kidogo, na katika nafasi hiyo wanawake wawili wa vitunguu walimsaidia mke wangu kumwinua yule mtu. Wakamtupa kabini kama gunia la mahindi, na mke wangu akapanda juu yake.

Kutoka Otonglo hadi hospitalini Kisumu si mbali. Siku hiyo ilikuwa mbali. Upepo uliingia pale palipokuwa na kioo, na katikati ya mngurumo wa injini nilisikia yule mtu akikoroma damu. Mke wangu alikuwa amemlaza kichwa mapajani mwake. Tulipopita uwanja wa ndege, alisema bila kunitazama.

"Wewe ndiye ulimvunja mkono. Nilikuona."

"Nilidhani..."

"Hukudhani. Nilikuona uso wako. Endesha."

Yule mtu alikuwa seremala. Hilo tulilijua jioni, ndugu yake alipofika kutoka upande wa Maseno. Alikuwa anatengeneza maboksi ya spika za kanisa lao, na siku hiyo alikuwa ametumwa mjini na washirika wenzake kununua spika za kuweka ndani, akashuka Otonglo kupitia sokoni. Risiti ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Daktari aliikuta imelowa damu. Hakuna mtu sokoni aliyemtia mkono mfukoni, na wa kwanza ambaye hakufanya hivyo ni mimi.

Aliishi. Jicho la kushoto halikuweza kuokolewa.

Siku ya pili nilienda kituo cha polisi. Askari wa zamu alifikiri nimekuja kushtaki wizi wa spika. Nilipomweleza, aliweka kalamu chini.

"Bwana, hii ilikuwa kazi ya umati. Hakuna mtu amekutaja."

"Mimi najitaja."

"Unajua unachofanya?"

Nikamwambia sijui, lakini aandike. Aliandika. Nilifikishwa mahakamani, nikakubali kosa. Seremala alikuja na mkono ukiwa umefungwa, pamba jichoni. Hakimu alipomuuliza kama ana la kusema, alisema neno moja tu juu yangu: "Alinipiga kabla hajaniuliza." Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba msamaha. Nikasema tu kwamba ni kweli. Nilipewa kifungo cha nje, na kwa miezi mingi nilifagia uwanja wa zahanati na kuchoma takataka, watu wakinipita. Wale waliorusha mawe walinipita pia. Wengine walinionea huruma. Mmoja aliniambia, "Pole, bahati mbaya." Nilimwangalia mkono wake. Ulikuwa mkono wa kawaida, umeshika mkate.

Spika zangu sikuziona tena, na sikuzitafuta.

Nilipomaliza kifungo, nilienda nyumbani kwa seremala pamoja na mke wangu. Alikuwa chini ya paa la karakana yake, anapiga randa ubao kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa umepinda pale ulipoungana, umeegemea mbao ili kuzizuia. Alituona kwa mbali. Akasema kwa sauti ya kawaida, bila hasira, "Mama aje. Wewe baki hapo."

Nikabaki kwenye njia, kando ya ua wa mikonge. Niliwaona wakiongea. Mkewe alileta kiti, akaleta chai, na mke wangu alikaa huko mpaka chai ikaisha. Aliporudi sikumuuliza walisema nini. Alienda tena, peke yake, na tena. Sasa wanaitana dada na kaka, na mke wangu akiumwa mgongo, pale lile jiwe lilipompata, yule mtu humpigia simu kumuuliza kama ameukanda kwa maji moto.

Na mimi? Mwaka huu tulikutana Otonglo uso kwa uso, kati ya vibanda, mahali pembamba ambapo mmoja lazima ampishe mwenzake. Alikuwa amebeba msumeno mpya umefungwa kwa gazeti. Nilisogea kando, nikainamisha kichwa.

"Dereva," akasema.

"Seremala," nikajibu.

Akapita.