Radhi za Safari ya Makumbusho

Juzi binti yangu alikuwa akipanga kwenda Dar, Jumamosi makumbusho, Jumapili Sanamu ya Askari, nikasikia tena harufu ya udi wa mama.

Safari kama hiyo mama aliipanga nami kwetu Rasbura, nilipokuwa mtoto. Alasiri ya kuamkia safari alifukiza kanga zake, kisha tukapita kwa majirani. "Mnisamehe nilipowakosea," aliwaambia. Nilidhani ndivyo watu wanavyoaga wakienda kutembea. Nami nikamwambia jirani yetu, Bi Somoe, "Shikamoo bibi. Nisamehe, naenda kuona makumbusho." Akanikumbatia akilia. Nikadhani anatamani twende naye.

Makumbusho tuliyaona kweli, mama akikaa kila penye benchi. Jumatatu akalazwa hospitali. Rasbura nilirudi na mjomba aliyekuja kunichukua, nimepakata kanga za mama, bado zinanukia udi.