Jumamosi Mzee Aliposoma Habari za Nuhu

Mzee niliyekuwa nikimtunza aliwahi kuwa msomaji wa Torati katika sinagogi lao kwa miaka mingi. Mimi ni Mtanzania, Mlutheri, na kazi yangu hapa Sydney ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Kila Jumamosi nilitoka Liverpool, kitongoji cha hukuhuku Sydney ninakoishi, kwa treni ya alfajiri, nikamvalisha koti na tai, nikasukuma kiti chake cha magurudumu hadi sinagogini. Wiki ya kwanza aliniuliza kwetu mtu wa umri wake anaitwaje. Nikamwambia. Tangu siku hiyo hakutaka nimwite kingine ila Mzee.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Torati imegawanywa, kila wiki ina sehemu yake, na mwaka ukiisha wanaanza upya. Gombo lenyewe limeandikwa bila irabu wala nukta, kwa hiyo msomaji lazima ajiandae wiki nzima. Akikosea, walioketi humsahihisha palepale kwa sauti, naye hurudia. Hakuna anayeona ni dharau. Mzee alikuwa ameacha kusoma, lakini sikio lake lilikuwa zima. Akitamka neno kutoka kitini, msomaji alirudi nyuma bila ubishi.

Nami ndani ya treni nilisoma sehemu ya wiki katika Biblia yangu ya Kiswahili, nisije nikakaa pale kama gogo.

Jumamosi moja ya baridi ilikuwa sehemu ya Musa kuupiga mwamba. Msomaji alikuwa mtu wa makamo, mwanafunzi wa Mzee tangu utotoni. Hakufika mbali, Mzee akatamka neno. Msomaji akasita, akainamia gombo, akarudia. Mzee akatamka tena, kwa ukali. Sijui Kiebrania, nilidhani yule bwana kakosea kweli.

Kisha Mzee akaanza kuimba. Sauti ilimtoka safi, bila kikohozi. Nikasikia jina la Nuhu, mara mbili, mara tatu, nikaelewa. Alikuwa kwenye gharika, sehemu aliyowahi kuniambia aliisoma akiwa na miaka kumi na mitatu, siku alipohesabiwa mtu mzima. Wenzake walikuwa wameipita miezi mingi nyuma.

Nilimshika mkono. "Mzee, leo ni Musa."

Hakunisikia. Nikatazama juu, kwenye roshani ya wanawake alikokaa binti yake. Alikuwa amesimama, viganja mdomoni. Msomaji alinyamaza, kile kijiti cha fedha cha kufuatilia maneno kikiwa palepale juu ya gombo, akamngoja mwalimu wake mpaka pumzi ikamwishia.

"Mbona mmesimama?" Mzee akauliza. "Endeleeni."

Kesho yake binti alinipigia simu. "Jumamosi ijayo mbaki nyumbani, tafadhali."

"Nitamwambia nini?"

"Sijui. Ningejua ningemwambia mwenyewe." Akakata, nadhani kwa sababu ya kilio.

Jumamosi hiyo nilimkuta keshavaa, vifungo vya koti vimepishana, mfuko wa shali yake ya sala mapajani.

"Tunachelewa," akasema.

"Leo hatuendi, Mzee. Kuna mvua."

Jua lilikuwa limejaa sakafuni. Akalitazama, akanitazama, akaanza kufungua vifungo vya koti. Nikatamani anifokee.

Baada ya chai akaanza kusoma habari za Nuhu kwa kichwa, mezani, vidole vikitembea juu ya kitambaa. Alisoma kwa muda, kisha akakwama. Akarudi nyuma, akakwama palepale.

"Neno gani?" akaniuliza.

"Silijui, Mzee."

"Lakini wewe hukaa na mimi kila wiki."

"Nakaa."

Nikafungua Biblia yangu, nikamsomea habari za safina kwa Kiswahili, polepole. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mgeni. Kisha akatikisa kichwa. "Silo."

Tuliendelea hivyo miezi miwili, kila Jumamosi nikiwa na uongo wangu mpya. Mwishowe wakampeleka kwenye nyumba ya wazee, nami nikapangiwa bibi mmoja huko Bankstown. Nilimpigia binti kumjulia hali. Akaniambia kule nako husomwa Torati ukumbini kila Jumamosi, na baba yake huketishwa mbele. Nikamuuliza kama bado anasahihisha.

"Hapana," akasema. "Siku hizi huwa amelala."