Jina Langu na Maharagwe ya Watu

Kituo cha afya kilikuwa tayari kunichukua. Muuguzi mkuu alishanionyesha mahali pa kutundika koti langu, na akina mama wa chumba cha uzazi walishazoea kuniita muuguzi wao, ingawa nilikuwa msaidizi tu, bila mkataba. Ilibaki karatasi moja, ile ya mahakama inayosema kama mtu amewahi kuhukumiwa au la. Huku kwetu Masisi tunaiita kazie. Mtu asiye na kosa huandikiwa neno moja la Kifaransa lenye maana ya "hakuna kitu". Kwangu mimi kulikuwa na kitu.

Nilikuwa nimehukumiwa kwa kuharibu mazao ya watu. Kosa dogo, la faini, lakini kwenye kazie dogo na kubwa hukaa ukurasa mmoja. Muuguzi mkuu aliisoma, akaikunja taratibu, akaniambia nafasi atanishikia kwa muda, si milele. Kulikuwa na msichana mwingine aliyeitaka, na kazie yake ilikuwa safi.

Sasa nieleze, maana jambo lenyewe ni la kijinga na bado linanikera.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Jirani zetu wa mlima uleule ni watu wa jembe, wanalima maharagwe na mihogo. Tunasali pamoja, tunabadilishana maziwa na maharagwe, na kila msimu tunagombana kuhusu njia ya ng'ombe. Mwaka niliomaliza shule ya sekondari, ng'ombe wetu waliingia katika shamba la maharagwe la mama mmoja jirani, wakalifyeka hadi mwisho. Siku ile aliyekuwa nao ni baba yangu. Alikuwa amelala.

Mgeni atauliza, kulala nako ni kosa gani? Kwa watu wa ng'ombe, bora uitwe mwizi. Mwizi angalau alikuwa macho. Mwanamume akishajulikana kwamba alilala hadi ng'ombe wakampita, hata watoto wake watataniwa kwa hilo harusini. Baba alirudi nyumbani siku ile na nyasi kwenye shavu, akasema tu kwamba ng'ombe wamefanya vibaya. Mama aliziona zile nyasi, nami niliziona.

Yule mama alikuwa na hasira, na haki alikuwa nayo, akapeleka shauri mahakamani kabla hatujafika kwake. Mimi nikatumwa, kwa sababu nilijua Kifaransa. Kwetu, anayetumwa kuomba msamaha hasemi "baba yangu amekosa". Husema "nimekosa". Anajitwisha kosa la nyumba nzima, na yule aliyekosewa haulizi zaidi. Basi hakimu aliponiuliza kulikuwaje, nilisimama wima nikasema kwamba nimekosa, nimekula maharagwe ya mama huyu, naomba anisamehe. Akauliza kama nasema hivyo kwa hiari yangu. Nikasema ndiyo, tena kwa Kifaransa kizuri ambacho walimu wangu wangekifurahia. Karani aliandika yote. Mimi nilidhani tumemaliza, sasa tutapeana mikono. Kumbe nilikuwa nimejifunga mwenyewe.

Faini ikalipwa. Mama yangu akampelekea yule mama maziwa kila asubuhi hadi maharagwe mapya yakachanua. Kisha vita vikatutawanya sote, ng'ombe wakaisha akabaki mmoja, na mambo ya maharagwe yakasahaulika, isipokuwa na karatasi.

Ofisa wa mahakama niliyemwendea kuomba jina langu lisafishwe alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alinieleza kwamba kosa dogo likishapitiwa na muda, faini ikawa imelipwa na mtu akawa ameishi vizuri, linaweza kufutwa. Ila lazima aliyekosewa aje mwenyewe kueleza kwamba alifidiwa, na kwamba mambo yalikuwa kama yalivyoandikwa. Nikamuuliza itakuwaje akieleza tofauti kidogo. Akavua miwani.

"Akisema haikuwa weye, basi ulidanganya tribinali," akaniambia. "Na ile haiko kosa ndogo tena, dada. Ile njo inafunga muntu."

Nilitoka pale nikipiga hesabu. Yaani kama yule mama hakuona chochote siku ile, nimepona. Kama alimwona baba amelala pembeni mwa shamba lake, na akalisema hilo kwa moyo mweupe mbele ya ofisa, sitapoteza kazi tu. Nitaingia ndani, na baba atafuata.

Nyumbani nilimweleza baba wakati anamkamua yule ng'ombe wetu mmoja. Hakuacha kukamua. Nilitaka aseme kitu, chochote. Nilitaka aseme twende wote, nitaeleza mwenyewe. Alimaliza, akafunika maziwa, akasema, "Sema yenye utaona iko muzuri," akaingia ndani. Nilimkasirikia baba yangu siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Nilikuwa nimeubeba usingizi wake miaka yote hiyo, naye hakuwa tayari hata kuutaja.

Yule mama, tuliambiwa, alikuwa amehamia Kalembe, kule Masisi inakopakana na Walikale. Nikachukua pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa matope matupu. Kila tulipofika kwenye kizuizi motari aliyeniendesha alizima injini, akaniambia ninyamaze, aongee yeye. Nilinyamaza. Mapajani nilikuwa nimepakata jibini nzima iliyofungwa vizuri, maana mtu wa kwetu haendi kwa watu mikono mitupu.

Nilipoiona nyumba yake tu, wazo likanipiga. Ofisa akimuuliza kama nimempa kitu ili aje, atasema nini? Ni mtu mkweli, atasema jibini. Nikairudisha ndani ya mfuko, nikauweka mfuko nyuma ya mguu wangu, nikaketi hivyo kama mtu aliyeiba kuku. Jibini ya Masisi inanukia, kila mtu anajua. Yule mama aliutazama mfuko, akanitazama, akautazama tena. Alikuwa amezeeka, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Siku hizi kwenu munatembea na chakula munarudisha nayo?" akauliza.

Niliona aibu hadi masikioni. Nilijaribu kumweleza habari za ofisa, akasikiliza huku akichambua maharagwe kwenye ungo, bila kuinua kichwa. Nilimwambia atahitajika kueleza kwamba alifidiwa, na kwamba mambo yalikuwa kama nilivyoyasema zamani. Hapo nikakwama. Swali lililonileta, kama alimwona baba, lilikuwa mdomoni na sikuweza kulitoa. Kama hakuona, nitakuwa nimemfunulia. Kama aliona, nitakuwa namwomba adanganye, yeye ambaye ndiye aliyeliwa maharagwe. Alisema tu kwamba atakuja atakapomaliza palizi. Sikujua atakuja na neno gani, na safari nzima ya kurudi niliipakata ile jibini nikijiona mjinga.

Alikuja kweli, amejifunga kitenge chake cha kanisani. Tulikaa kwenye ubao mmoja mbele ya meza ya ofisa, bega kwa bega, na nilihofu kwamba anausikia moyo wangu. Baba hakuja. Nilikuwa nimeacha mlango wazi asubuhi ile, nikapiga hatua polepole hadi barabarani, nikageuka. Hakuja.

Ofisa alianza na mepesi. Alimuuliza kama alifidiwa. Yule mama akasema alikunywa maziwa yetu msimu mzima, na kwamba yalikuwa maziwa mazuri, hayakutiwa maji. Ofisa aliandika. Akauliza kama tangu hapo aliwahi kusikia ubaya wowote juu yangu. Akasema alisikia tu kwamba ninazalisha akina mama na kwamba nina mdomo mkali. Ofisa akatabasamu, akaandika, bila shaka si lile la mdomo. Nikaanza kupumua.

Kisha akageuza ukurasa wa faili la zamani, akausoma kimya, akaninyooshea kalamu.

"Mama, huyu njo alikuwa na ngombe ile siku mu shamba yako?"

Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki, inakataa. Nilitazama mikono ya yule mama, udongo wa palizi ulikuwa bado kwenye kucha. Nilijiambia kwamba akisema hapana nitasimama nimtaje baba kabla yeye hajamtaja, angalau aibu hiyo itoke kwa mwanawe. Hata nilikuwa nimeshainuka kidogo kwenye ubao. Akaweka mkono wake juu ya goti langu, akanirudisha chini.

"Miye niliona ngombe," akasema. "Na kisha ya pale niliona huyu mutoto anakuja kuniambia nimekosa."

Ofisa alimwambia hilo silo aliloulizwa.

"Njo hilo niko najibu. Mwenye alikuja ni huyu. Mwingine hakukuja."

Walitazamana muda mrefu, yule mtu mpole na yule mama. Nilidhani ofisa atamkazia. Badala yake alishusha macho kwenye karatasi, akaandika, akamsomea alichoandika: kwamba aliyekosewa anamtambua mwombaji kuwa ndiye aliyekiri na kumwomba radhi, kwamba alifidiwa, kwamba hana dai. Akampa wino aweke kidole.

Nilimsindikiza hadi kwenye pikipiki yake. Nilitaka kumshukuru, nikashindwa kujua nimshukuru kwa lipi bila kulitaja. Alijipangusa wino kwenye jani, akapanda, akakaa vizuri, ndipo akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza habari za nyumbani:

"Papa yako iko bado analala muchana?"

Nikasema ndiyo, bado. Akatikisa kichwa, pikipiki ikaondoka.

Nilimkuta baba ameketi mlangoni. Sikumsalimu. Nilimweleza yote kama yalivyosemwa, nikamalizia na lile la "mwingine hakukuja", nikalirudia, kwa sababu nilitaka limwume. Na swali la mwisho nikampa vilevile. Kidevu cha baba kilitetemeka, na hasira yangu yote ikaniishia pale pale, nikatamani nisingelirudia.

Kesho yake alimwambia mama amfungie jibini. Alivaa koti lake la Jumapili, akapanda pikipiki ambayo siku zote alisema si chombo cha mtu wa heshima, akaenda Kalembe peke yake. Alilala huko. Walichozungumza sikukijua, na ingawa nina mdomo mkali sikumuuliza. Alirudi amejaa matope hadi kiunoni, amepakata mfuko wa maharagwe. Mama aliyaweka juu ya kabati, akasema hapiki hata punje moja hadi karatasi yangu itoke.

Faili lilipanda ngazi zake huko juu, likakawia, hadi nikaanza kukwepa macho ya muuguzi mkuu. Hatimaye ofisa aliniita, akanipa kazie mpya. Niliisoma nimesimama, nikamsomea motari wa pikipiki ambaye hakuwa ameomba kusomewa. Hakuna kitu.

Jioni hiyo mama aliyapika. Baba alinipakulia kwa mkono wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniwekea mengi kuliko ya mtu yeyote, kisha akakaa akinitazama. Mimi niliyehukumiwa kwa kuyala, ndiyo kwanza nilikuwa nayaonja. Nikala, nikaomba niongezwe.