Fimbo ya Kamanda wa Gwaride

Mimi ni koplo mstaafu, na mwaka ule nilikuwa nafundisha mgambo kwenye kata yetu, huku Kyerwa. Miezi minne nilikimbiza watu kwenye matope, kila mmoja na bunduki yake ya mti begani.

Kamanda wa gwaride nilimchagua mwenyewe: binti wa mkulima wa migomba, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde, anayemkemea mzembe bila kumtukana. Jina la kamanda ndilo hutangulia kwenye orodha ya wanaopendekezwa jeshini. Mwakani umri wake wa kuandikishwa ungekuwa umepita. Alijua hivyo, nami nilijua.

Siku mbili kabla ya kufunga mafunzo, diwani akaja kwangu.

"Shikamoo, mzee," akasema, akafungua kifurushi cha kahawa ya kutafuna, akanimiminia kiganjani. Kwetu ukishatafuna kahawa ya mtu, humpingi usoni. Mimi mjinga nikatafuna. Ndipo akasema kamanda awe kijana wake wa kampeni, maana mgeni rasmi anamfahamu.

Kijana mwenyewe mvua ikinyesha haji mazoezini. Hajui kugeuka nyuma bila kumkanyaga mwenzake.

"Nimekusikia, mheshimiwa," nikajibu.

Ningeweza kuitema ile kahawa. Badala yake nilisubiri hadi kesho yake, nikampigia simu mshauri wa mgambo wa wilaya, mkubwa wangu. Akasema naye ameshapigiwa, tusigombane na wanasiasa. Watu ambao hawajawahi kulala handakini hata siku moja ndio wanatuchagulia nani atoe amri, na sisi tuliovaa magwanda miaka ishirini tunaitikia ndiyo, mheshimiwa. Upuuzi mtupu, na mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia.

Asubuhi ya sherehe nilimwita binti pembeni.

"Leo utasimama mstari wa nyuma," nikamwambia. "Fimbo mpe yule kijana wa diwani."

Nilitaka abishe. Nilitaka anitukane mbele ya watu wote, labda ningepata ujasiri wa kumrudisha mbele. Lakini miezi minne nilikuwa nimemfundisha kwamba amri ya mkubwa haibishiwi, na katika kundi lile hakuna aliyenielewa kama yeye.

Akabana visigino.

"Ndiyo, afande."