Betri Juani

Kila nikifungua rimoti na kunusa kutu ya betri, narudi Rujewa, kwa mjomba wangu mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nina shahada mbili, na rimoti yangu bado naivalisha nailoni kama yeye.

Babu aliletwa huko kutoka Ilomba ili auguzwe. Joto lilimtesa kuliko ugonjwa. "Nipeni baridi ya kwetu kidogo," alimwambia mama, akikitazama kiyoyozi ukutani.

Mama alibonyeza rimoti, kiyoyozi hakikuwaka. Betri zilikuwa zimekwisha.

"Mpya za nini?" mjomba alisema. "Zianikeni. Jua la hapa linafufua hata maiti."

Nikaziweka juu ya kipande cha bati uani, nikazilinda zisidonolewe na kuku. Babu akauliza dirishani kama bado.

"Bado, baba. Vumilia," mama alimjibu.

"Hata ubwabwa ungeshaiva!"

Zilipopata moto nikakimbia nazo ndani, nikazipachika, nikabonyeza. Kiyoyozi kikalia tii, na upepo wa baridi ukamshukia babu. Mama alikuwa anamfumba macho.

Akanyoosha mkono achukue rimoti, azime.

"Iache iwake," mjomba alisema bila kumtazama. "Ndugu wa Ilomba hawafiki kabla ya kesho."