Mazuku Yangu ya Uongo

Jambo hili sijawahi kulisimulia kwa mtu anayeweza kuniona usoni, kwa hiyo afadhali niliandike: kuna Jumapili moja kwaya nzima ilinibeba kama maiti, na mimi nilikuwa mzima, tena nimeshiba maharage.

Nilikuwa na miezi miwili tu hapa Goma. Nilitoka Vitshumbi, nilikokuwa nikipakia samaki kwenye lori la chofa mmoja, na kabla ya Vitshumbi nilikuwa Rutshuru, na kabla ya Rutshuru msiniulize (shule niliiacha darasa la nne, tangu hapo ninasoma barabara). Siku za kazi hazinisumbui. Jumapili ndiyo mbaya, maana kila mtu ana mtu wake. Basi nikawa ninajitembeza peke yangu: Jumapili moja ufukweni kuangalia watu wakipigwa picha, nyingine kwenye mawe meusi ya volkano, na hiyo ninayoisema nikapanda pikipiki mpaka upande wa Mugunga kuona Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani lililotulia shimoni kama sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, iliyobaki chini ya sufuria.

Nikazunguka, nikaona kibonde kati ya mawe, kina majani laini na kivuli. Mwenyeji wa Goma halali bondeni, kwa sababu ya mazuku, ile hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini na kujikusanya chini. Mbuzi akishuka hapo hapandi tena. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba moto huzimika ndani ya mazuku, kwa hiyo nikawasha kiberiti, nikakishusha mpaka kwenye majani, kikawaka vizuri mpaka kikaniunguza kidole, nikajiona profesa, nikalala.

Niliamshwa na kelele.

"Mutu amekufa! Mazuku imemukamata!"

Kabla sijafungua macho, wanaume wanne walikuwa wameshuka huku wamebana pumzi, wakanishika kwapani na miguuni, wakanipandisha, na mama mmoja akakiweka kichwa changu juu ya mapaja yake, akaanza kunipepea kwa kitenge. "Mutoto yangu, rudia. Rudia kwetu." Tangu mama yangu afariki hakuna aliyenishika kichwa (kinyozi simhesabu). Nikasema moyoni, dakika moja tu, halafu nitaamka.

Dakika ikazaa nyingine. Walikuwa kwaya ya kanisa, wamekuja kutembea, wakaanza kuomba, kisha wakaimba, na waliimba vizuri mno hata nikaona haya kuwakatiza. Mmoja akanivua viatu ili damu itembee, na kidole changu gumba kikawa hadharani, kimetoka nje ya soksi (hapo nilikaribia kufufuka).

"Mama Riziki, angalia ku telefone yake, tuite bandugu," akasema mwanaume mmoja, ambaye wengine walimwita Papa Faustin, mwalimu wa kwaya.

Mama aliyenipakata akaichukua simu mfukoni mwangu. Nikasikia vidole vikibonyeza, kisha vikasimama.

"Kuko majina tatu tu. Chofa wa Samaki. Mwenye Nyumba. Fundi Radio."

"Na mama yake?"

"Hakuna."

"Bibi?"

"Hakuna mutu, Papa Faustin." Akaanza tena kunipepea. "Basi leo ni sisi."

Chozi likanitoka, likateremka mpaka sikioni. Sikuliruhusu.

"Eh! Maiti inalia!" akapiga kelele dada mmoja.

Papa Faustin alirudi kibondeni, akaiona njiti yangu iliyoungua, akawasha ya kwake, akaishusha. Ikawaka.

"Hapa hakuna mazuku," akasema. "Weye, fungua macho."

Nikafungua. Nyuso kama thelathini, sare moja ya kitenge, zote juu yangu. Nikasema, "Samahani, nilikuwa nasinzia," na kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika mpaka mjini Sake. "Tulimuimbia hata ubeti wa mazishi!" "Atulipe sauti zetu!" Mama Riziki peke yake hakucheka. Aliuliza, "Unaitwa nani?" nami badala ya kumjibu nikashika viatu mkononi nikakimbia, mawe yale yakinikata nyayo, na nilipofika juu, barabarani, nikakumbuka kwamba simu bado iko mkononi mwake.

Nikashuka tena. (Kushuka ndiko kulikonimaliza, walinipigia makofi.) Akanipa simu na sambusa mbili kwenye karatasi, bila swali.

Jioni, nyumbani, nikaikuta orodha yangu ina majina manne. La mwisho: Mama Riziki.

Sijampigia. Kila Jumapili ninaangalia kama jina bado lipo, kisha ninazima. Lakini nimeapa, sitafunga tena macho mbele ya watu wema, na siku nitakapopata ujasiri wa kumpigia, kabla hata ya kutaja jina langu, nitamwambia: mama, niko macho.